Kisamvu cha Mama Mdogo Somoe

Kila Jumamosi, kabla jua halijafika kwenye dirisha langu la jikoni, jirani yangu Mama Furaha huanza kuchemsha sombe. Ni Mkongo, anaishi mlango wa tatu kutoka kwangu katika ghorofa hili la Overport, hapa Durban, na sombe kwao ndiyo kisamvu kwetu, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Siku hizi anayanunua mjini yakiwa yamegandishwa kwenye mifuko, lakini barafu haijayaondolea harufu yake. Harufu hiyo hupita kwenye ujia, hupenya chini ya mlango na kutua juu ya kochi nililonunua na marehemu mke wangu. Wapangaji wengine hulalamika. Mimi hufunga dirisha tu.

Ikifika saa saba hivi, Mama Furaha hugonga.

"Mzee, iko sombe. Nikuletee kidogo?"

"Asante mama. Leo tumbo si zuri."

"Eish! Hii tumbo yako inajua kalenda. Monday iko sharp, Friday iko sharp, Saturday inagonjwa!"

Tunacheka, naye anaenda zake. Mimi hurudi kwenye mkate wangu na chai. Mke wangu hayupo tena, watoto wako Johannesburg, na mezani kwangu kuna viti vinne. Nadhani Mama Furaha anafikiri ninaringa, au nina dini fulani ya tumbo. Ukweli ni kwamba nikiwa na miaka minane nilimfukuzisha mwanamke nyumbani kwa baba yangu kwa sababu ya chakula hicho. Nilisema neno moja tu la uongo, na nilipewa nafasi ya kulirudisha, sikulirudisha.

Baba alifanya kazi kwenye shamba la mkonge, bara kidogo kutoka Tanga. Kazi yake ilikuwa korona, ile mashine ya kuchambua nyuzi, na alirudi nyumbani ananuka maji ya mkonge hata baada ya kuoga. Mama alipofariki nilipelekwa kwa bibi mzaa mama, kijiji cha jirani. Bibi alikuwa amempoteza binti na hakutaka kumpoteza mjukuu, basi akanilisha kila nilichokitaka, na nilichokitaka kilikuwa chai yenye sukari nyingi na maandazi. Asubuhi chai na maandazi, mchana yale yale. Kama kuna sahani niliyoisukuma, sahani hiyo haikurudi tena mbele yangu. Nilijiona mfalme. Nywele zangu zikaanza kuwa na rangi ya nywele za mahindi, bibi akasema nimefanana na babu yake aliyekuwa na damu ya Kiarabu.

Siku moja baba alikuja kunitazama. Akapiga magoti, akabonyeza unyayo wangu kwa kidole gumba, na alipokiondoa, shimo la kidole likabaki pale pale, kama umebonyeza unga uliokandwa. Alinibeba mgongoni siku hiyo hiyo, bibi akimfuata nyuma kwa maneno mpaka mwisho wa kijiji.

Nyumbani nilimkuta Somoe, mke mpya wa baba.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye chale za mapambo kwenye mashavu, mstari juu ya mstari. Alitoka ng'ambo ya Ruvuma. Kambini kwetu watu walikuwa wametoka kila upande kutafuta kazi ya mkonge, lakini wenye chale usoni walizungumzwa kwa sauti ya chini. Wanawake waliazimana naye moto na chumvi, kisha akigeuka wanatazamana. Nilifundishwa nimwite mama mdogo.

Daktari wa kambi, ambaye kwa kweli alikuwa mfunga vidonda tu, aliniangalia macho na miguu akamwambia, "Huyu si mgonjwa. Huyu amelishwa chai. Mpe maharage, dagaa, majani. Usipoteze fedha kununua dawa."

"Kama dawa ndiyo hizo," Somoe akasema, "nyingine tumezikanyaga njiani tukija."

Tangu siku hiyo jiko letu likabadilika. Ugali ukawa wa dona, mzito, wa rangi ya mchanga, kwa sababu kukoboa ni gharama na pumba zina nguvu. Dagaa alikuwa akiwakaanga bila mafuta kwenye chungu kikavu mpaka wanalia, halafu anawatwanga na kuwanyunyiza juu ya maharage, nisiweze kuwachambua na kuwatupa. Kunde, mchicha, maboga. Nyama tuliiona kwenye sikukuu.

"Nataka maandazi," nilimwambia siku ya pili.

"Maandazi yako kwa bibi yako," akajibu. "Na ile miguu yako ya maji nayo imebaki huko. Twende tukaichukue?"

Nilikasirika, lakini nilikula. Maharage nilikula, dagaa nilikula. Baada ya wiki kadhaa niliweza kukimbia hadi kisimani na kurudi bila kukaa chini. Sikumshukuru, hata siku moja. Nilidhani miguu ilikuwa imepona yenyewe.

Kisha mbuzi akafa.

Nyuma ya nyumba zetu palikuwa na shamba dogo la muhogo la nyapara wa kambi. Alipanda muhogo mchungu kwa makusudi, kwa sababu nguruwe pori hawaugusi. Majani aliruhusu yeyote achume. Mizizi ilikuwa yake, na aliihesabu kama watoto wake. Mbuzi wa nyapara huyo alikata kamba akala majani yaliyokuwa yamenyauka pembeni mwa shamba. Nilikuwepo. Nilimwona akitetemeka, akahema kwa nguvu, mdomo ukatoa povu, miguu minne ikanyooka kama ya kiti kilichopinduliwa. Mzee mmoja akasema, "Majani ya muhogo mchungu hayo. Yanaua." Hakusema zaidi ya hapo, na mimi sikuuliza.

Kesho yake nilimwona mama mdogo Somoe pale pale, kwenye mistari ile ile, akichuma majani yale yale machanga na kuyatia kwenye kanga.

Watu wa kwetu walichuma majani ya muhogo mtamu, na hata hayo si mara nyingi. Majani ya huu mchungu kila mtu aliyaacha. Somoe alijua namna ya kuyatengeneza. Aliyatwanga sana mpaka kinu kinatoa mlio wa tope, akayachemsha chungu kikiwa wazi, akamwaga maji ya kwanza, akachemsha tena kwa muda mrefu, ndipo akatia nusu ya nazi na karanga kidogo. Hayo nimeyajua ukubwani. Nilichokijua wakati ule ni kwamba majani haya yaliua mbuzi mwenye pembe, mnyama mkubwa kuliko mimi, na kwamba mwanamke huyu, ambaye si mama yangu, anayapika kwa furaha huku akiimba, kisha anasukuma bakuli upande wangu.

Alinipa mchi. "Njoo, bwana mkubwa, utwange kidogo, mtu hakatai kazi ya mkono wake." Nilitwanga mara tatu na kuuacha. Niliona ananitwangisha kifo changu mwenyewe.

Nikafunga mdomo. Kila siku ya kisamvu, na zilikuwa mbili kwa wiki, nilikaa mbele ya sinia mikono imelowa maji ya kunawia, sigusi. Alijaribu kila njia. Alialika watoto wa jirani, wanne au watano, tule pamoja, akijua mtoto anayeona mikono ya wenzake inachota hataki kubaki nyuma. Wao walichota. Mimi niliwatazama mmoja mmoja, nikisubiri nani ataanza kutetemeka.

Siku moja alichota kijiko akakimimina kiganjani, akakiramba mbele yetu wote mpaka kiganja kikang'aa.

"Umeona? Nimemeza. Nimekufa?"

"Bado," nikasema.

Watoto wakaanguka kwa kicheko. Hata yeye alicheka, mkono mdomoni, mabega yakitikisika, na kwa muda mrefu baadaye akinipita uani alikuwa ananiambia, "Bado nipo, bwana mkubwa. Bado." Sasa ninajua kwamba hakuna mtu mwingine pale kambini aliyenitania kwa upendo kama ule. Wakati ule niliona ananidhihaki.

Siku hizo za kisamvu nililala na ugali mtupu, na njaa ya mtoto anayeanza kupata nguvu ni kali kuliko ya mgonjwa. Alhamisi moja, watu wakiwa kazini na Somoe akiwa kisimani, niliingia kwenye shamba la nyapara. Sikuogopa mizizi. Muhogo wa kuchoma nilikuwa nimekula maisha yangu yote, na akilini mwangu sumu ilikaa kwenye majani tu. Nilichimba kwa mikono kwenye shina lililo karibu na pembeni, udongo mwekundu ukiingia kwenye kucha, nikavunja mzizi mmoja, nikaumenya kwa meno na kuula mbichi nimechuchumaa. Ulikuwa mchungu. Niliumaliza.

Jioni ile nilianza kutapika. Kichwa kilizunguka, ukuta ukawa unakuja na kurudi. Somoe alinifunga mgongoni kwa kanga na kukimbia nami mpaka zahanati, nikasikia moyo wake unagonga kwenye shavu langu. Daktari wa kambi akauliza, "Umekula nini?"

Nilifikiria nyapara. Mtoto wa mtu mwingine alikuwa ameiba mizizi mwaka uliopita, na baba yake aliondolewa kwenye mashine akapelekwa kukata mkonge kwenye jua na miiba. Nikamwona baba yangu na panga.

"Kisamvu," nikasema. "Kisamvu cha mama mdogo."

Neno hilo lilitoka zahanati likafika kambini kabla yetu. Kesho yake lilikuwa limefika kwa bibi.

Somoe hakunipiga. Aliosha mikono yangu kwa maji ya moto, kidole kwa kidole, na alipofika kwenye kucha akasimama.

"Ulichimba wapi, baba?" akaniuliza taratibu. Wanawake wa kwetu huwaita hivyo watoto wa kiume wakiwabembeleza.

Nilifunga macho kama mgonjwa.

Jumapili watu walikaa mbele ya nyumba yetu. Nyapara alikuwepo, wazee wawili wa kambi, baba, na bibi yangu aliyefika na mkoba, tayari kunichukua.

"Mjukuu wangu hatakufa kama mbuzi!" bibi alisema, na hilo likawa la kufungulia kikao.

Somoe hakulia wala hakuinamisha kichwa. Alisimama mkono kiunoni. "Mimi nilikula sinia hilo hilo. Watoto wa hapa wote wamekula. Yupi amekufa?"

"Wajuzi hujikinga wenyewe," mzee mmoja akasema.

"Na watoto wa jirani nimewakinga pia? Basi mimi ni mtu wa huruma sana." Mtu mmoja alicheka akanyamazishwa. "Huyu kisamvu hakigusi, waulizeni watoto wenzake. Matapishi yake nimeyafuta kwa mikono yangu. Yalikuwa meupe. Kisamvu ni cheupe?"

"Watu wa ng'ambo ya Ruvuma wana dawa za kila rangi."

Hapo kicheko kilikuwa kikubwa zaidi, na nikaona chale za mashavu yake zinacheza.

"Mtoto amekula muhogo mbichi," akasema. "Kucha zake zilikuwa na udongo. Kuna shimo shambani, nimeliona jana alfajiri nikienda maji. Twendeni wote. Likiwepo, mtaniacha nimpikie mtoto huyu kwa amani. Lisipokuwepo, nitaondoka mwenyewe, hamna haja ya kunifukuza."

Kisha alinigeukia. "Sema, baba. Sema ulikula nini. Hakuna atakayekupiga, nitasimama mimi."

Nyapara aliniangalia. Bibi aliniangalia. Baba hakuniangalia; alitazama vidole vyake vya miguu.

"Kisamvu," nikasema.

Tukaenda shambani kwa mstari kama watu wa mazishi. Nilijua shina lenyewe, lilikuwa la tatu kutoka pembeni, na nilijua dakika chache zijazo kila mtu ataona. Tulifika. Hakukuwa na shimo.

Ardhi ilikuwa sawa. Shina limesimama wima, majani makavu yametawanyika chini yake kama chini ya mashina mengine yote. Somoe alichuchumaa, akapitisha kiganja juu ya udongo. Halafu akainua uso akamtazama baba yangu, muda mrefu, na baba akatazama upande wa korona, ambayo Jumapili huwa imezimwa.

"Haya," Somoe akasema.

Sijui nieleze vipi kilichonipata. Mimi ndiye niliyelichimba shimo lile, na halikuwepo. Nilijiambia labda sikuchimba. Labda ilikuwa homa, labda nilikula kisamvu kweli na mzizi niliuota. Nilishika wazo hilo kwa mikono miwili nikatembea nalo kurudi nyumbani, na kadiri tulivyokaribia ndivyo lilivyozidi kuwa kweli.

Aliondoka siku ile ile na lori la mkonge lililokuwa linashuka Tanga. Alichukua nguo zake, mchi wake na bakuli moja. Kinu kilikuwa kizito, akakiacha uani. Hakuniaga, alipita mbele yangu nimekaa kizingitini, kanga yake ikanigusa goti.

Jikoni alikuwa ameacha sufuria la maharage limefunikwa kwa sahani, bado ya moto. Alikuwa amelibandika asubuhi, kabla ya watu kufika. Bibi alisema limwagwe. Baba alimwambia aliache. Bibi alipotoka nje nilifunua, nikachota kwa mkono, nikala mpaka nikaona chini ya sufuria. Kama kweli niliamini mwanamke yule ana sumu, mbona mkono wangu haukusita hata kidogo? Swali hilo halijawahi kuniacha.

Bibi alinitaka, baba akakataa kunitoa. Tukabaki wawili. Alijifunza kupika ugali wa sembe, mweupe, na chai, na alileta mkate wa dukani. Hakuna aliyenilazimisha kula kitu tena. Watoto wa jirani hawakuja kwenye sinia letu. Mama zao waliwakataza, au hawakuwa na la kufuata. Nilikula kizingitini, baba akala ndani kwenye kigoda, na katikati yetu palikuwa na mlango ulio wazi. Hakunigombeza. Hakunitaja kwa lolote. Nilidhani ananichukia kwa kumwondolea mke, na sikuwa na la kumlaumu, kwa hiyo nilisoma kwa bidii ili niwe mbali na nyumba. Alinisomesha mpaka nikamaliza sekondari. Nilipoondoka na mfuko wangu alinipa mkono kama unavyompa mgeni.

Nilizunguka sana kabla ya kufika Durban. Nilipata kazi kwenye karakana ya samani huko Jacobs, nikamleta mke wangu, Mwanaidi, na watoto wetu wawili walizaliwa hapa. Mwanaidi alikuwa mpishi wa fedha kidogo. Alinunua imifino, mboga za majani ambazo wamama wa Kizulu huziuza mafungu kando ya barabara, akachanganya na karanga. Alipika kunde, dengu, samaki wadogo kutoka kwa Wakongo. Watoto wakavuta midomo.

"Eish, ma, nyasi tena?" kijana wetu Salim alikuwa akisema.

"Nyasi hizi ndizo zimekuotesha meno ya kunijibia," Mwanaidi akamrudishia.

Alikuwa na njia zake. Aliwapa majina ya wachezaji wa mpira wakimaliza sahani. Aliwapeleka sokoni wachague mboga wenyewe. Na zilikuwa zinafanya kazi, nisingekuwepo mimi. Kwa sababu mimi, kila nilipoona mtoto amekaa mbele ya chakula mikono haigusi, nilishikwa na kitu kifuani nisichoweza kukivumilia. Nikitoka Jacobs nilishuka teksi mapema, nikanunua chipsi zilizofungwa kwenye karatasi, zinanuka siki, nikaziweka katikati ya meza. Watoto walinirukia shingoni. Mwanaidi alipakua chakula chake akala mwenyewe.

"Baba Salim," aliniambia, "mimi najenga, wewe unabomoa. Hawa watoto wana miili, si midomo tu."

"Waache wale wanachopenda. Watakua."

"Nani alikufundisha hivyo?"

Nilikuwa na mke kwa miaka mingi na hakuwahi kulisikia jina la Somoe.

Siku moja Salim alisukuma sahani akasema, "Chakula cha mama kinaniumiza tumbo." Nilijua kilichomuuma. Nilikuwa nimemkuta mchana yule, kwenye robot, taa za barabarani, karibu na shule, anakula vetkoek ya tatu, ule unga wa kukaanga unaoteleza mafuta mpaka kwenye kiwiko. Yeye pia alijua kwamba ninajua. Mwanaidi alinitazama mimi, hakumtazama mtoto. Alikuwa anasubiri neno moja tu. Nikasema, "Basi asile."

Alichukua sahani ile akaipeleka jikoni, na kabla ya kugeuka alinitazama tena. Niliujua mtazamo huo. Nilikuwa nimeuona ukitoka chini, kwa mtu aliyechuchumaa na kiganja juu ya udongo.

Kesho yake sikwenda kazini. Nilipanda teksi mpaka mjini, kwenye duka la simu la mama mmoja Mkongo, ambako mtu aliingia kwenye kijichumba cha mbao akapiga nyumbani. Baba alikuwa mzee tayari, anaishi kwa mpwa wake karibu na Muheza. Nje teksi zilikuwa zinapiga honi na makondakta wanaita abiria, nikaziba sikio moja.

"Baba," nikasema, "nataka kukuambia jambo la zamani. Mama mdogo Somoe. Mimi sikula kisamvu siku ile. Nilichimba muhogo wa nyapara nikaula mbichi."

Laini ilikoroma kidogo.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Alinionyesha shimo. Jumamosi, alfajiri. Alisema nisikugombeze, ulikuwa na njaa." Akakohoa. "Alipokwenda maji nililifukia. Niliogopa nyapara ataliona. Niliogopa kazi, na bibi yako angekuchukua. Sikujua kama atawaambia watu waende kulitazama."

Miaka yote ile nilidhani anakaa kimya kwa sababu ya kosa langu.

"Ulipoona tunakwenda shambani," nikasema, "mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Nilisikia kuku nyuma yake, naye labda alisikia honi za Durban.

"Yuko wapi?" nikauliza. "Uliwahi kumtafuta?"

"Nilikwenda Tanga mara mbili. Wakasema amepanda meli kwenda kusini. Halafu sikwenda tena."

"Baba, yeye alijua ni wewe. Pale shambani. Alikutazama."

Yule mama wa duka akagonga kioo kuniuliza kama nimemaliza. Nikamwonyesha mkono asubiri.

"Mwanangu," baba akasema mwishowe, "umekula?"

Nikamwambia nimekula.

"Umekula nini?"

"Maharage," nikasema, ingawa tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni.